Kazi ya Riziki na Kazi ya Moyo



Wapendwa taifa la Mungu, tumo katika mwezi wa Novemba, mwezi ambao Kanisa limeutenga kwa ajili ya kuwakumbuka marehemu wetu. Katika mwezi huu huu, tarehe 22, wanakwaya wetu watamwadhimisha somo wao, Mtakatifu Sesilia. Kumbukumbu hizo mbili zimekutana moyoni mwetu mwaka huu katika mtu mmoja, naye ndiye sababu ya tafakari ya juma hili. Jina lake hatutaliandika, kwa kuwa familia yake ingali katika majonzi, na kwa kuwa mambo tutakayoyasema yanatuhusu sisi zaidi kuliko yeye.

Alikuwa mpiga kinanda wa Misa ya kwanza. Sisi tulipofika parokiani hapa tulimkuta, na hatukupata kumwona akikosa Dominika isipokuwa pale alipougua. Hakusoma chuo chochote cha muziki. Alijifunza kwa kumtazama mkubwa wake, kisha kwa kitabu cha nota kilichochakaa, kisha kwa masikio yake mwenyewe. Alipopiga wimbo wa komunyo, hata wale wenye tabia ya kutoka mapema walikaa wakasubiri. Novemba ya mwaka jana tulimzika.

Siku ya mazishi, kama ilivyo desturi yetu, katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto watatu. Kisha akasoma kwamba marehemu alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala la nafaka kwa muda wa miaka 11. Tuliinua macho. Mtu tuliyempa Mwili wa Kristo kila Dominika, tuliyemtumia ratiba za nyimbo, tuliyemsifu katika sikukuu mbele ya wageni, hatukujua alikuwa akila kwa kazi gani. Tulijua alichokipenda. Hatukujua kilichomlisha.

Hayo pekee yangetosha kututia haya. Lakini lipo la pili, nalo hatuna budi kuliungama mbele yenu, kwa sababu wengi wenu mlikuwapo.

Katika Kwaresima iliyotangulia kifo chake, tukiwa katikati ya mahubiri, tulimwona amelaza kichwa juu ya kinanda, amesinzia. Tulinyamaza kidogo, kisha tukasema kwa kipaza sauti kwamba hata mitume walilala pale bustanini, lakini wao angalau hawakuwa wameketi mbele ya kanisa zima. Watu walicheka. Yeye aliamka, akatabasamu, akapiga Nasadiki kama kawaida. Kuanzia Dominika iliyofuata tulimwona akisimama wakati wote wa mahubiri, ameegemea nguzo, mikono nyuma. Tukadhani ni kiburi. Tukajisemea kwamba huyu bwana ametununia na anataka watu wote waone. Mjane wake ndiye aliyetueleza, siku ya kumaliza matanga, kwamba alisimama ili asilale. Alitoka lindoni saa 12 asubuhi, ikiwa mwenzake wa zamu alifika kwa wakati, akapanda baiskeli, akabadili shati nyuma ya sakristia, na saa 12:30 alikuwa ameketi mbele ya kinanda. Alikuwa hajafumba macho tangu jana yake.

Wapendwa, katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 20, kuna kijana aitwaye Eutiko. Kule Troa Mtume Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, na kijana huyo aliyekaa dirishani akashikwa na usingizi mzito, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Mara nyingi sisi mapadre tumelitumia simulizi hilo kwa utani, kuwaonya wanaosinzia. Tangu mwaka jana tunalisoma kwa namna nyingine. Mwandishi hasemi Eutiko alikuwa amefanya kazi gani mchana ule. Lakini anasema Paulo alifanya nini: aliacha kuhubiri, akashuka chini, akamkumbatia. Wala hatusomi kwamba alipopanda tena alimkemea. Huyo ni mhubiri aliyejua kwamba watu hufika kanisani wakiwa na miili, na kwamba miili hiyo imetoka mahali fulani. Naye alijua kwa kuwa yeye mwenyewe alishona mahema kwa Akila na Priskila kule Korintho (Mdo 18:3), na aliwakumbusha Wathesalonike kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu (1Thes 2:9).

Baada ya mazishi tulichukua daftari, tukaenda kwenye mazoezi ya kwaya jioni ya Jumatano, tukamwuliza kila mmoja swali ambalo tungelipaswa kuliuliza siku ya kwanza: wewe unaishi kwa kazi gani? Majibu yake yametufunza kuliko vitabu vingi. Mwimbaji wetu wa sauti ya nne ni mchomeleaji wa mageti, na moshi wa kazi yake ndio unaomfanya akohoe, si baridi kama tulivyodhani. Kiongozi wa sauti ya kwanza ni mama ntilie anayeamka saa 9 usiku kuchemsha maharage. Kijana anayetunga nyimbo zetu mpya ni dereva wa bodaboda, na hutunga akiwa kijiweni anasubiri abiria. Yuko nesi, yuko muuza mitumba, yuko mwalimu wa shule ya msingi, yuko fundi cherehani ambaye ndiye aliyeshona sare za kwaya nzima akisubiri kulipwa mpaka leo. Tuliandika na hilo.

Ndugu msomaji, Waswahili wana neno zuri kwa watu wa namna hii. Tunasema ngumi za ridhaa, wachezaji wa ridhaa, yaani wale wanaofanya jambo kwa hiari ya mioyo yao pasipo kulipwa. Kipenda roho, wahenga wamenena, hula nyama mbichi. Mtu wa ridhaa anakula nyama mbichi kwa furaha. Lakini jioni na yeye ana watoto wanaotaka ugali. Kwa hiyo kila mtu wa ridhaa ana kazi mbili, moja ya riziki na moja ya moyo, na maoni yetu juma hili ni haya: hatuna haki ya kuifurahia kazi ya moyo ya mtu huku tukifumba macho tusiione kazi yake ya riziki.

Tukitazama historia tutaona kwamba ulimwengu unawadai sana watu wa ridhaa. Yuko mmoja ambaye habari zake zinafanana kwa namna ya ajabu na za marehemu wetu. William Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1738, akahamia Uingereza, na mwaka 1766 akawa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya riziki: kupiga kinanda na kufundisha muziki. Kazi yake ya moyo ilikuwa nyota. Alisugua vioo vya darubini nyumbani kwake kwa mikono yake mwenyewe, na usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akiwa bustanini, aliona kitu ambacho baadaye kilitambulika kuwa sayari mpya, ile inayoitwa Uranus. Herschel alipiga kinanda ili ale, akakesha kwa mapenzi. Mpiga kinanda wetu alikesha ili ale, akapiga kinanda kwa mapenzi. Tofauti ni kwamba Herschel aliulizwa habari za maisha yake. Mwaka uliofuata Mfalme George wa Tatu alimpangia paundi 200 kwa mwaka ili aache kufundisha muziki ashike nyota. Tena alikuwa na dada yake, Caroline, aliyemlisha chakula kwa mkono wakati alipokuwa hawezi kuacha kusugua kioo. Caroline naye akawa mnajimu wa kuheshimiwa.

Kabla yake, katika mji wa Delft kule Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa. Wafanyabiashara wa vitambaa walitumia lenzi kukagua nyuzi. Yeye akatengeneza lenzi kali zaidi na zaidi kwa kupenda tu, na katika miaka ya 1670 akaona ndani ya tone la maji viumbe wadogo ambao binadamu hakuwa amewahi kuwaona. Mtu wa dukani ndiye aliyetufungulia mlango wa kuvijua vijidudu.

Karibu nasi zaidi, Shaaban Robert, ambaye mashairi yake tuliyakariri shuleni, alikuwa karani wa Forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, kisha akaendelea na kazi za ukarani katika ofisi nyingine za serikali. Mchana aliandika hesabu za mizigo. Mathias Mnyampala, Mkatoliki mwenzetu kutoka Ugogo, alikuwa hakimu. Aliyesikiliza mashauri ya watu ndiye huyo huyo aliyeigeuza Injili Takatifu kuwa utenzi. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Hatuwataji ili kusema kwamba kila anayepiga kinanda atakuwa mtu mashuhuri. Tunawataja ili ieleweke kwamba kazi ya moyo si mchezo wa watu wasio na la kufanya. Mara nyingi ndiyo kazi ambayo Mungu alimwandalia mtu, ila soko halikuwa na nafasi yake.

Wala tusidhani kwamba kazi ya moyo hujitunza yenyewe. Gregor Mendel, mtawa Mwaugustino wa Brno, alifanya majaribio yake ya njegere tangu mwaka 1856 hadi 1863. Ndiyo yaliyokuja kuwa msingi wa elimu ya urithi. Alikuwa mwalimu wa muda tu, maana mtihani wa ualimu ulimshinda mara mbili. Mwaka 1868 wenzake walimchagua kuwa abate, heshima kubwa, na shughuli za utawala na ugomvi wa kodi na serikali zikala muda wake. Alikufa mwaka 1884, na wanasayansi hawakuitambua thamani ya kazi yake mpaka mwaka 1900. Muda ukiliwa, kipaji hufa kimya kimya. Si lazima mtu akizuie. Yatosha tu kwamba hakuna aliyeuliza.

Sasa tuseme wazi makosa yanayotukabili, nayo ni matatu.

Kosa la kwanza ni dharau. Wapo wazazi wanaomwambia mtoto kwamba kinanda hakileti ugali, na kwamba kuchora, kuimba au kutazama ndege ni uvivu uliovaa nguo nzuri. Na dharau hiyo ina upande wa pili. Mjane wa marehemu alitueleza kwa nini mumewe hakututajia kazi yake: aliogopa watu wangesema, mlinzi naye anajifanya mwanamuziki. Ndivyo watu wa Nazareti walivyouliza juu ya Bwana wetu, kama huyu si yule seremala (Mk 6:3). Wao waliijua kazi yake ya riziki, na kwa kuijua wakaikataa hekima yake. Kumbe kuna namna mbili za kumwuliza mtu kazi yake. Kuna namna ya Nazareti, inayouliza ili impime na kumshusha. Na kuna namna ya Paulo, inayoshuka ili imkumbatie. Tunapoomba muulizane kazi zenu, tunaomba namna ya Paulo.

Kosa la pili ni la kisasa zaidi. Vijana wetu wanahubiriwa kila siku, simuni na kwenye semina, kwamba kipaji kisicholeta fedha ni kipaji kilichopotea. Anayepika vizuri aambiwa aanzishe biashara. Anayechekesha aambiwa afungue chaneli. Sisi hatupingi mtu kujipatia riziki kwa kipaji chake. Mtenda kazi astahili ujira wake. Lakini tunaogopa ulimwengu ambamo hakuna kitu kinachofanywa kwa upendo tu. Mjane alitusimulia kwamba marehemu, akiwa lindoni, alikuwa akifanya mazoezi ya nyimbo za Dominika kwa kupiga vidole vyake juu ya benchi la kibanda cha walinzi, gizani, pasipo sauti. Hakuna aliyemlipa kwa hayo, na hakuna aliyemsikia. Alisema usiku ulikuwa mfupi zaidi kwa namna hiyo. Je, tungemwambia nini mtu huyu? Kwamba alipoteza muda? La hasha! Benchi lile lilikuwa shule yake na sala yake.

Kosa la tatu ni letu sisi wachungaji na viongozi wa parokia, nalo ni zito kuliko yote mawili. Ni kuichukua kazi ya moyo ya watu kana kwamba ni mali ya parokia. Tunapanga mazoezi saa tunayoitaka sisi. Tunamnung'unikia anayechelewa. Marehemu alikuwa akiondoka mazoezini kabla ya sala ya kufunga, ili awahi lindo la saa 12 jioni, nasi tulilisema jambo hilo katika kikao cha halmashauri ya walei kuwa ni utovu wa nidhamu. Likaandikwa katika kumbukumbu za kikao. Liko pale hata leo.

Maandiko hayatuachi bila mwongozo. Katika Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati (9:33) tunasoma kwamba waimbaji wa hekalu walisamehewa kazi nyingine, kwa kuwa walihudumu mchana na usiku. Watu wa kale walijua kwamba sauti inahitaji mwili uliopumzika. Na Nehemia aliporudi Yerusalemu aliwakuta Walawi na waimbaji wamekimbilia kila mtu shambani kwake, kwa kuwa posho zao hazikutolewa (Neh 13:10). Angalieni basi Nehemia alimlaumu nani. Hakuwalaumu waimbaji kwa kukosa imani. Aliwakaripia viongozi, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Sisi mara nyingi hufanya kinyume chake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Furaha na Matumaini ya mwaka 1965, namba 67, unafundisha kwamba wafanyakazi wanapaswa kupata mapumziko ya kutosha kwa ajili ya familia, utamaduni na dini, na tena wapate nafasi ya kukuza kwa uhuru vile vipaji ambavyo pengine hawawezi kuvitumia katika kazi zao za kila siku. Mababa wa Mtaguso walikuwa wakimzungumzia mlinzi wetu. Na Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 231, unasema kwamba walei waliojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa wana haki ya kupata ujira unaofaa hali yao, ili waweze kujitunza wao na familia zao.

Hapa tunasikia sauti ya baadhi yenu. Mtasema: Baba Paroko, je, sasa tuwalipe wanakwaya? Sadaka ikilipwa si itakuwa biashara? Kesho asiyelipwa ataimba? Hoja hiyo tunaiheshimu, kwa sababu inatoka kwa watu waliojenga kanisa hili kwa kubeba mawe vichwani bila kulipwa senti. Jibu letu ni kwamba kumtunza mtu si kumnunua. Mama akimwekea mwanawe chakula anaporudi shuleni, hamlipi kwa kusoma. Sadaka ya kweli ni ile ambayo mtoaji anajua anatoa nini na mpokeaji anajua anapokea nini. Sisi tulipokea usingizi wa mtu kila Dominika, na hatukujua kwamba usingizi ndio tuliokuwa tukiupokea. Hapo ndipo ubaya ulipo. Kama tungelijua, pengine bado angepiga Misa ya kwanza kwa hiari yake. Au pengine tungelimwomba apige ya pili, ya saa 3, baada ya kulala kidogo na kunywa uji. Ni jambo dogo mno. Lilihitaji swali moja tu.

Tena tusije tukageuza kazi ya moyo kuwa kisingizio. Mtume anaonya kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani (1Tim 5:8). Yupo mtu anayeacha watoto hawana daftari kwa sababu yeye ni wa mpira kila jioni, au kwa sababu yeye ni wa kwaya kila safari. Huyo naye tunamwuliza swali lile lile: wewe unaishi kwa kazi gani, na walio wako wanaishi kwa nini? Swali hilo humlinda mwenye bidii asichoshwe, na humwamsha mzembe asijifiche nyuma ya kipaji chake.

Basi, baada ya kushauriana na halmashauri ya walei, tumekusudia mambo manne. Kwanza, ratiba ya mazoezi itapangwa na wanakwaya wenyewe kwa kuangalia saa za kazi zao, na paroko ataifuata. Pili, wapiga kinanda watakuwa watatu wakipokezana, na parokia itagharamia mafunzo yao pamoja na nauli. Tatu, deni la fundi wa sare litalipwa kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, hata kama itatubidi kuahirisha kupaka rangi uzio. Nne, maneno yaliyoandikwa juu ya marehemu katika kumbukumbu za kikao kile yatasomwa tena katika kikao kijacho, na chini yake itaandikwa sababu ya kweli ya kuondoka kwake mapema.

Na ninyi waamini mnaoajiri, tuna neno nanyi. Wengi wenu mna walinzi mageti, mna wasichana wa kazi majumbani, mna vijana madukani. Hapa kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma, imetaka mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na imetaka nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria, wala si kilele cha haki. Mwulizeni mlinzi wenu anafanya nini siku yake ya mapumziko, kama anayo. Huenda anaimba. Huenda anachonga. Huenda ana kitabu cha nota kilichochakaa chini ya godoro. Mkimnyima siku hiyo hamumnyimi mapumziko tu. Mnawanyima pia watu wote ambao wangelimsikia.

Wapendwa, kinanda cha Misa ya kwanza sasa kinapigwa na kijana aliyefundishwa na marehemu. Juma alipoanza tulimwita sakristia. Tuliandaa maneno ya kumtia moyo, lakini tukaanza na maswali mawili: unafanya kazi gani, na jana ulilala saa ngapi? Alishangaa kidogo. Akajibu kwamba anasukuma mkokoteni sokoni, na kwamba alilala vizuri, saa 3 usiku. Tukamwambia aende akapige.

Alipiga kwa makosa mawili matatu. Wakati wa mahubiri aliketi. Nasi tulihubiri kwa kifupi.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, mtumishi wako, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.